Maharage ya Ukumbini

Jumatatu, 1 Oktoba 1973

Nimefagia ukumbi mara mbili. Jana walisali humu, leo nakuta makombo ya mkate na kinyesi cha popo. Wanaosali hawafuti miguu. Wanaocheza wanafuta, kwa sababu nawapiga na ufagio.

Mbao mbili karibu na mlango zimeinuka tena. Nimemwambia fundi wa reli. Amesema kesho. Kesho ya fundi huyu haina jina.

Jioni vijana wa stesheni walikuja kucheza basketi. Ukumbi wetu ni mdogo. Ukitupa mpira vibaya unampiga mtu wa benchi. Ringi zilichomelewa karakana ya reli, nyavu zilishonwa na wavuvi wa Katwe. Siku nyingine kuna harusi humu, au wakulima wa kahawa, au darasa letu la akina mama. Lakini ukumbi ni wa mpira. Harufu yake ni ya jasho, haitoki.

Nilihesabu kama kawaida. Vikapu viwili mbele ya benchi langu karibu na mlango, kimoja cha timu hii, kimoja cha timu ile. Mpira ukiingia natia maharage mawili. Ukiingia wa adhabu natia moja. Herufi nilizipata uzeeni kwa mke wa katekista, ndizo hizi. Namba zikipita ishirini zinanikimbia. Maharage hayakimbii. Mwisho Mwalimu Thembo, mpuliza filimbi wetu, anayahesabu, hakuna anayebisha.

Bwambale alikosa mara nne. Nikamwambia anatupa kama mtu anayefukuza nyani shambani. Akacheka. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Biira. Nimemlea tangu alipoachishwa ziwa. Sasa ni karani wa mizigo stesheni na mkubwa wa timu. Miguu mirefu, akili ya kutosha. Nampenda kuliko inavyofaa.

Jumatano, 3 Oktoba

Gari la jeshi lilisimama mlangoni. Kapteni na sajenti wake. Kapteni akaanza kupima ukumbi kwa hatua, mlango hadi ukuta. Na viatu vyake.

Nikamwambia, "Afande, humu viatu vya matope vinavuliwa."

Sajenti alifungua mdomo. Kapteni alinitazama, akatazama sakafu, akavua. Soksi ilikuwa na tundu.

Marehemu mzee wangu alikuwa polisi. Nimeishi kambini naye miaka mingi, Arua, Mbale, Jinja, wapi. Najua soksi za maafande. Najua pia kupima kwao. Wakishapima kitu, wameshakichukua.

Alhamisi, 4 Oktoba

Ni kweli. Kapteni anataka ukumbi uwe stoo ya kambi. Unga, mablanketi, mafuta ya taa. Kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao.

Watu wote wamelia, lakini kwa sauti ya chini. Mwenye duka la pembeni alilia kwa sauti ya juu mwezi wa nane. Duka limefungwa hadi leo.

Mwalimu Thembo amekwenda kambini kubembeleza. Amekaa huko saa nzima kwenye jua.

Nina hasira. Imekaa tumboni kama muhogo mbichi.

Jumamosi, 6 Oktoba

Kapteni mwenyewe alikuja kutazama vijana wakicheza. Kumbe aliwahi kucheza. Mguu wake ulikuwa unatikisika chini ya kiti.

Walipomaliza akasema: mechi moja. Askari wake na vijana wa stesheni. Jumamosi ijayo, saa nane. Vijana wakishinda, ukumbi unabaki wa mji, yeye atatafuta stoo kwingine. Askari wakishinda, apewe ufunguo. Akampa Mwalimu mkono mbele ya watu wote.

Mwalimu ndiye atapuliza filimbi. Kapteni akauliza nani ataandika magoli. Mwalimu akasema karani wa tiketi, kwa chaki, kwenye ubao.

"Na ile mama?"

"Yule anahesabu kwa maharage, afande."

"Basi na yeye pia. Maharage haina ndugu."

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi nina ndugu.

Jumanne, 9 Oktoba

Mvua. Paa linavuja pale karibu na ubao wa chaki. Nimeweka ndoo. Fundi amesema kesho.

Vijana walifanya mazoezi mpaka mmoja akatapika. Nimefuta. Nimemwambia asile kabla ya kukimbia, mjinga kama mbuzi.

Askari mmoja mrefu kama mlingoti alikuja kuchungulia dirishani. Nikamfukuza. Akasema, "Samahani, mama." Anatoka mbali, nadhani kaskazini, na shingo yake ni nyembamba. Nikampa ndizi mbili, kisha nikamfukuza tena.

Ijumaa, 12 Oktoba

Dereva wa lori kutoka Mpondwe ameniletea neno la Biira. Anakuja kesho na wanawake wenzake wa Bwera na Nyakiyumbu kumshangilia mtoto wake. Wanawake wanane juu ya lori la chumvi. Amesema mechi iwasubiri. Nani amngoje Biira? Yeye alichelewa hata kuzaliwa.

Bwambale hakula vizuri. Naogopa. Si kuogopa askari. Naogopa uso wa Bwambale akishindwa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Naandika yote, ili nisije nikaambiwa ilikuwa vingine.

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nane. Askari upande wa madirisha, watu wa mji upande wa mlango. Bunduki mbili zimeegemezwa ukutani kama mafagio. Kapteni kwenye kiti, kofia gotini.

Askari wana nguvu, wetu wana mbio. Nikatia mawili huku, mawili kule. Maharage yangu ni yale mekundu ya shamba la Maliba. Nahesabia hayo hayo kwa miaka miwili, yamesuguka kwa vidole hadi yanang'aa.

Mapumziko mvua ilianza. Nikaenda kusogeza ndoo chini ya pale panapovuja, nikapangusa sakafu ili mtu asivunjike. Ndipo lori la Biira likafika, lilikuwa limekwama darajani. Wanawake wanane wakaingia wamelowa chapachapa. Kila mmoja ana maharage kwenye pindo la kitambaa chake.

Kwetu hakuna mwanamke anayekwenda kwenye shughuli ya mwenzake mikono mitupu. Unabeba maharage, unakuta kikapu mlangoni, unamimina, unaingia. Mwenye shughuli haombi na wewe hutangazi. Wakaona vikapu viwili, ndani yake maharage, na benchi la bibi. Wakamimina. Kiganja kimoja kikapu hiki, kiganja kimoja kile, ili wasimpunje mtu.

Niliporudi vikapu vilikuwa vimefika nusu.

"Biira! Mmefanya nini?"

"Mama, tumeleta ya karamu. Tungekuja mikono tupu?" Akageukia wenzake. "Munamuona? Hata salamu haiko. Tumekufa na mvua juu ya chumvi, yeye anatukemea."

Filimbi ikalia. Nikajisemea, ubao upo. Nikaendelea kutia juu ya yale yale, kwa sababu mkono umezoea. Ningetafuta sahani nyingine. Sikutafuta. Huo ni ujinga wangu, nauandika.

Mvua ikapiga kweli kweli. Ndoo ikajaa. Maji yakaacha pale yalipokuwa yakidondoka, yakafuata ukuta, yakateremka juu ya ubao. Karani wa tiketi alikuwa amesimama juu ya kiti anashangilia, ameupa ubao mgongo. Alipogeuka, chaki yote imekuwa maziwa.

Dakika za mwisho Bwambale alitupa mpira kutoka mbali, ukaingia, ukumbi ukaruka. Kisha filimbi.

Askari wakasema wameshinda. Wetu wakasema wameshinda. Kila mtu alikumbuka ya kwake. Bwambale alipiga kelele kuliko wote, tumeshinda, tumeshinda. Sajenti akamshika shati. Askari mmoja akasogea ukutani penye bunduki. Mwalimu Thembo filimbi mdomoni, hatoi hata pumzi.

Kapteni akasimama.

"Kimya! Kila mutu chini!"

Tukakaa chini wote. Hata wanawake wa Bwera, na wao hawajawahi kunyamaza kwa mwanamume.

"Mama ya maharage. Leta."

Nikamwambia yamechanganyika, na kwa nini. Alitazama vikapu, akawatazama wale wanawake na mapindo yao yanayodondosha maji. Hakuuliza mara ya pili. Nadhani hata kwao, huko alikozaliwa, wanawake hubeba kitu.

"Wewe najua yako?"

"Nayajua."

"Toa."

Si kazi ya macho. Biira analima Bwera mbegu niliyompa mimi mwenyewe alipoolewa. Wekundu ule ule, umbo lile lile. Nikapiga magoti, nikatandaza kitambaa, nikamimina kikapu cha askari kwanza. Nikafumba macho, nikaacha vidole. Langu limesuguka kama kokoto ya mtoni. La shambani bado lina ngozi, linashika kidole kidogo. Nikitoa langu Mwalimu anahesabu. La wageni natupa pembeni.

Ilichukua muda mrefu. Kulikuwa na mvua tu juu ya mabati. Mtoto mmoja alilia, akanyamazishwa kwa ziwa.

Askari, thelathini na nane.

Nikamimina kikapu chetu. Mwalimu alihesabu kwa sauti ya mtu anayepanda mlima. Thelathini na tano. Sita. Saba.

Likabaki moja kiganjani.

Vidole havikulikubali wala havikulikataa. Upande mmoja laini, upande wa pili bado na ngozi. Nikaligeuza. Nikaligeuza tena. Likiwa langu, ni sare, na sare ni kucheza tena, na vijana wangu walikuwa bado na mbio. Hakuna mtu ndani ya ukumbi ule angejua, ila mimi. Nilimfikiria Bwambale. Nilifikiria harusi, na darasa letu, na benchi langu. Nilifikiria haraka sana.

Nikalitia mdomoni nikaling'ata. Harage langu la miaka miwili ni jiwe, lingenitoa jino. Hili jino likaingia. Ni la mavuno ya juzi.

Nikalitema pembeni, kwa wageni.

"Na hiyo moja, mama?" Kapteni.

"Hiyo si yangu."

Thelathini na saba.

Nilipofungua macho Bwambale alikuwa ananitazama. Kisha akatoka nje kwenye mvua bila shati lake la kazi.

Jumapili, 14 Oktoba

Sikwenda kusali. Wamesali ukumbini bila mimi. Nitafagia kesho.

Biira aliondoka asubuhi na lori. Kabla ya kupanda alisema, "Moja tu, mama. Harage moja. Ungefunga macho."

"Macho yalikuwa yamefungwa. Nilitumia jino."

Hakucheka. Akalia. Akasema ni kosa lao wao, wanawake, na karamu yao. Nikamwambia si kosa, mtu aliyefundishwa vizuri hawezi kuingia mikono mitupu, na aliyemfundisha ni mimi. Akalia zaidi. Nikamfunika kichwa na kitambaa changu kikavu. Lori likaondoka nacho.

Jumatano, 17 Oktoba

Sokoni muuza ndizi ameniita Mama wa Maafande. Nikachagua ndizi zangu polepole, moja moja, mpaka akaona haya. Lakini amelisema.

Wote wanasema hivyo. Kwamba niliona bunduki nikaogopa, nikawapa askari ukumbi wa watoto wetu. Mke wa katekista hakusema. Aliniuliza tu kama magoti yanauma. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Sikuogopa. Ningesema uongo ndiyo ningekuwa nimeogopa, nimeogopa uso wa mtoto wangu. Lakini ukisema ukweli unaompendeza mwenye bunduki, unafanana na mwoga. Hakuna namna ya kuwaonyesha tofauti. Nimetafuta siku nne.

Bwambale analala kwa mwenzake stesheni. Hajaja tangu Jumamosi. Nimempelekea shati la kazi, nimelipiga pasi. Alilipokea dirishani. "Asante, Mukaka." Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Basi. Kama ananikatia tiketi.

Jumatatu, 22 Oktoba

Kapteni amekuja na sukari. Kilo mbili, kwenye mfuko wa karatasi. Sukari sijaionja tangu Agosti. Kinywa changu kilijaa mate mbele yake, aibu tupu.

"Ya mama mukweli," akasema.

Nikamrudishia. Nikiichukua nitakuwa nimelipwa, na muuza ndizi atakuwa amesema kweli.

Akasema sawa, lakini nibaki na ufunguo. Nifagie, nilinde, nitapewa posho ya unga. Watu wake watamwibia, mimi sitamwibia.

"Afande, mimi nilifagia kwa ajili ya watu wanaocheza. Magunia yajifagie."

Sajenti akasema, "We bibi, unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu mwenye soksi iliyotoboka. Mwambie mkeo amshonee, kama yeye hana."

Nikadhani nimekwisha. Kapteni alitazama viatu vyake. Halafu akacheka hadi akashika mlango. Akaondoka na sukari yake. Nilikaa kwenye benchi. Hapo niliogopa, naandika. Hapo ndipo.

Ijumaa, 26 Oktoba

Vijana wamecheza mara ya mwisho. Bwambale alikuwepo. Sikuketi mlangoni, nilikaa nje kwenye ngazi nasikiliza. Unaweza kumjua mtu kwa anavyodunda. Midundo yake ni miwili mizito, mmoja mwepesi.

Hakuna aliyehesabu. Walicheza mpaka wakachoka, wakaondoka bila kujua nani ameshinda.

Harusi moja ya mwezi ujao imehamishiwa Bwera. Darasa letu litakuwa chini ya dari ya katekista, watu kumi na watano ndani ya chumba cha watu watano. Nimewaambia tutajifunza kwa kupumua zamu kwa zamu.

Alhamisi, 1 Novemba

Walianza kuleta magunia saa tatu. Yule askari wa shingo nyembamba alikuwa mmoja wa wabebaji. Alinisalimia. Nikamwonyesha mbao zilizoinuka asijikwae. Nikamkabidhi ufunguo mkononi mwake, si mkononi mwa sajenti. Kisha nikarudi nyumbani.

Nyumba ilikuwa kimya. Nikapika bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki, chakula kingi kuliko cha mtu mmoja. Sijui kwa nini. Mkono umezoea.

Saa kumi Bwambale alikuja. Hakusema amekuja kufanya nini. Akakaa, akanawa, akala. Anakula haraka mtoto huyu, kama treni inamngoja. Sikumwuliza neno. Mimi naweza kunyamaza, watu hawajui tu.

Alipofika katikati ya sahani akasema, "Mukaka, mimi siku ile nilikuwa nahesabu kichwani. Tangu mwanzo."

Nikaweka upawa chini.

"Tulikuwa na thelathini na saba."

"Ulipiga kelele kuliko wote kwamba mmeshinda."

"Ndiyo."

Akamega bundu, akalibonyeza, hakulitia mdomoni.

"Leo stesheni walikuwa wanasema tena kwamba uliogopa. Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba aliyeogopa ni mimi."

Nikatazama mikono yake, mikubwa, ina wino wa stakabadhi za mizigo kwenye kucha.

Akasukuma sahani mbele kidogo. Nikamwongezea mchuzi.